Punje za baruti, mita 500 na mpaka: Safari ya risasi inayojazwa nyumbani

MSIMU wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa Tanzania kila Julai, masanduku marefu yenye kufuli huanza kushushwa kwenye ndege Dar es Salaam na Kilimanjaro. Ndani yake mna bunduki. Kwenye sanduku jingine, mbali na bunduki, mna risasi.

Zipo zilizofungwa kwenye pakiti za kiwandani. Zipo pia zilizopangwa katika visanduku vya plastiki vyenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono: aina ya baruti, uzito wake, uzito wa kichwa cha risasi, tarehe. Hizo hazikununuliwa dukani. Mwenyewe amezijaza moja moja nyumbani kwake, Marekani au Afrika Kusini, kwa kazi ya miezi kadhaa.

Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kuuliza hilo linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu vitu vinavyounda risasi hiyo, yaani ganda la shaba nyeupe, fataki, baruti na kichwa, vina sheria zake vikiwa vimeunganishwa, na vina sheria zake hata vikiwa mbalimbali. Anayenunua vyuma chakavu kwa kilo, au anayeombwa na rafiki ambebee kopo dogo kutoka ng'ambo, anaweza kujikuta amebeba silaha bila kuona bunduki hata moja.

Kwanza, kwa nini mtu ajisumbue? Anayelipa maelfu ya dola kumwinda nyati hawezi kusemwa kwamba anabana matumizi kwenye risasi. Ni kweli kwamba ganda ndilo ghali kuliko sehemu nyingine nyingi za risasi, na likitunzwa hujazwa tena mara kadhaa. Lakini sababu kubwa ni shabaha.

Kiwanda hutengeneza risasi itakayoingia na kufyatuka salama katika kila bunduki ya kipimo hicho duniani, iwe mpya au ya babu. Ni kama nguo ya dukani: inamkaa kila mtu, ila haimkai mtu yeyote sawasawa. Anayejaza kwa mkono ni fundi cherehani. Ana bunduki moja tu mbele yake, na anashona kwa kipimo chake.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Maganda yaliyokwisha tumika hutenganishwa kwa kiwanda na kwa uzito, husafishwa, hubanwa kwenye kifaa cha chuma ili yarudi umbo lake, kisha hukatwa mdomo yawe na urefu mmoja. Fataki mpya hukandamizwa kwenye kitako cha ganda. Baruti hupimwa na kumiminwa. Mwisho kichwa hushindiliwa mdomoni, kwa kina kilichopimwa, kwa sababu nafasi kati ya kichwa hicho na mwanzo wa michirizi ya ndani ya mtutu hubadili namna risasi inavyoanza safari.

Kwenye mizani ndipo penye mambo. Baruti ya bunduki hupimwa kwa greni, kipimo cha zamani kilichotokana na punje ya nafaka. Greni 7,000 ndizo ratili moja. Mizani ya mjazaji husoma sehemu moja ya kumi ya greni, ambayo ni kama miligramu sita na nusu, karibu robo ya punje moja ya mchele. Wanunuzi wa dhahabu wa Geita na Kahama wataelewa haraka kuliko wengine: mizani ya aina hiyo haiwekwi karibu na feni, wala haisomwi dirisha likiwa wazi.

Tofauti ndogo kiasi hicho ina maana kwa sababu ya mbio za risasi. Chukua risasi ya .30-06, kipimo maarufu cha Marekani tangu 1906, yenye kichwa kinachotoka mtutuni kwa futi 2,700 kwa sekunde, yaani takriban mita 823. Risasi mbili zikitofautiana kwa mita 15 tu kwa sekunde, katika mita 100 zitaachana kwa milimita chache, na hakuna atakayejua. Katika mita 500 zitaachana kwa wima sentimita nane hadi kumi, hata kama mkono haukutetemeka na upepo haukuvuma.

Kwa hiyo chombo cha pili cha mjazaji, baada ya mizani, ni kipima-mbio kinachowekwa karibu na mdomo wa mtutu. Hajali sana kama risasi zake zina kasi kubwa. Anachotafuta ni zifanane.

Mmarekani Creighton Audette alieneza njia ambayo wengi bado huifuata. Mjazaji hutengeneza risasi zinazopanda uzito wa baruti kidogo kidogo, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa kiasi kilekile, akaanzia chini ya kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kitabu cha vipimo. Huzifyatua kwa zamu kwenye shabaha ya mbali. Matundu huonekana yakipanda kama ngazi. Lakini mahali fulani hukutana risasi mbili tatu zinazopiga kimo kilekile ingawa baruti zake si sawa. Hapo ndipo anapoweka kambi, kwa hoja kwamba kosa dogo la mizani au badiliko dogo la joto halitamhamisha.

Hoja hiyo ina wapinzani, na wana hesabu upande wao. Risasi tatu zikiangukia kimo kimoja inaweza kuwa bahati tu. Muuzaji wa nyanya wa Namanga hapangi bei ya mwaka kwa kuangalia gulio moja la Jumanne, na vivyo hivyo anayetangaza amepata kipimo kwa kufyatua mara tatu anajidanganya. Wanaojua hurudia risasi 10, 20, wakaandika zote, hata zile zilizowaaibisha. Wengi wa wanaojisifu kwa kundi dogo la matundu kwenye karatasi hawakuhesabu karatasi walizotupa.

Kuna jambo lisilo na mjadala: hakuna anayebuni kipimo kichwani. Baruti za bunduki ziko za aina nyingi, zinazoungua haraka na zinazoungua polepole, na kwa macho nyingi hufanana. Shirika la viwango la watengenezaji wa Marekani, SAAMI, limeweka kikomo cha shinikizo la .30-06 kuwa pauni 60,000 kwa inchi mraba. Tairi la gari dogo huwa na pauni 30 na kitu. Mtu akikosea kopo, hilo shinikizo linamlipukia karibu na jicho.

JOTO LA AFRIKA

Ukurasa wa Afrika katika historia hii ni mrefu, na sababu yake ni jua.

Baruti huungua kwa nguvu zaidi ikiwa ya moto. Mwindaji aliyepanga kipimo chake Montana wakati wa baridi kali, theluji ikiwa chini, akakifikisha kwenye kikomo, anakuja kukifyatua katika Pori la Akiba la Selous, risasi zikiwa zimelala juu ya gari kwenye nyuzi 35 au zaidi. Shinikizo lililokuwa la juu lakini salama linazidi. Dalili ya kwanza huwa si mlipuko. Ganda hutanuka likang'ang'ania chumba chake, na komeo la bunduki linakataa kufunguka. Kwenye uwanja wa shabaha hilo ni kero. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, risasi ya pili haipo.

Waingereza walilijua mapema. Enzi za baruti ya kodaiti, watengenezaji wao waliuza risasi za nchi za joto peke yake, zenye kodaiti iliyopunguzwa, kwa ajili ya India na Afrika. Risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ilipewa ganda kubwa makusudi, ili shinikizo libaki dogo hata jua likiwa la utosi. Bunduki za mitutu miwili zilikuwa na sharti kali zaidi: mitutu ililinganishwa kiwandani kwa risasi ya nguvu fulani, na ukibadilisha baruti, mtutu wa kulia na wa kushoto huacha kupiga mahali pamoja.

Hata Wamarekani waliokuja na baruti mpya walikumbwa na yao. Winchester walipotoa .458 mwaka 1956, ganda lake fupi lililazimu baruti ishindiliwe sana, na baadaye ikalalamikiwa kwamba baruti hiyo hugandamana ikakosa kuungua vizuri. Mwaka 1959 Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji baada ya risasi yake ya .458 kushindwa kumwangusha. Matokeo ya maumivu yale ni .458 Lott, ganda refu zaidi lenye nafasi ya baruti, lililoanza kama kazi ya mjazaji wa nyumbani kabla viwanda havijaichukua.

Siku hizi zipo baruti zinazotengenezwa zisisumbuliwe sana na joto. Zile zinazouzwa Marekani kwa jina la Hodgdon Extreme zimekuwa zikitoka kiwanda cha Mulwala, Australia, nchi ambayo haihitaji kufundishwa habari za jua. Hata hivyo, mwindaji mwenye busara anayekuja huku hupunguza kipimo chake kabla ya kufunga safari, na akifika kambini hufyatua risasi chache kwenye karatasi asubuhi na nyingine saa nane mchana.

Na hapa pana ukweli ambao wapenzi wa mita 500 hawaupendi. Katika miombo ya Tanzania, nyati na tembo hupigwa kwa umbali mdogo, mara nyingi chini ya mita 100, kwa sababu kichaka hakiruhusu zaidi. Ujuzi wa masafa marefu ni wa milima ya Marekani, ya kondoo pori na kulungu, na wa nyanda wazi za Namibia na Kalahari. Kwa wanyama hatari, Tanzania hutaka bunduki isiyopungua .375, kipimo ambacho Holland & Holland wa London walikitoa mwaka 1912 na ambacho bado kinafanya kazi yake bila kelele.

Kinachomfanya mgeni ajali shabaha ni mfuko pia. Tanzania, mnyama aliyejeruhiwa akatoroka huhesabiwa kuwa ameuawa, na ada yake hulipwa. Askari wa wanyamapori huwapo pamoja na wawindaji, kwa hiyo damu iliyoonekana kwenye majani haikanushwi. Risasi moja iliyokwenda sentimita kumi pembeni ni bili, na kwa wafuatiliaji wanaotangulia mbele kumtafuta nyati huyo kichakani, ni hatari ya kufa.

SHERIA TATU, KANDA MOJA

Uwindaji wenyewe hauna sura moja katika Jumuiya. Kenya iliupiga marufuku Mei 1977. Tanzania iliusimamisha mwaka 1973, ikaurudisha mwaka 1978. Uganda iliufungua tena kwa majaribio mwaka 2001, kuzunguka Ziwa Mburo. Kibali cha bunduki cha msimu wa Tanzania, kinachotolewa na polisi kwa mgeni aliyeombewa na kampuni ya uwindaji, si hati ya kuingia nayo Kenya ukipita Namanga kutafuta ndege ya Nairobi. Bunduki hiyo itahitaji ruhusa nyingine kabisa.

Risasi husafiri kwa masharti ya anga. Kanuni za kimataifa za usafiri wa ndege zinamruhusu abiria kilo tano za risasi za matumizi yake mwenyewe, uzito wa kasha ukiwa ndani, na shirika likikubali. Kwa .375 hizo ni kama risasi 100. Baruti tupu na fataki tupu haziruhusiwi kabisa kwenye ndege ya abiria. Ndiyo maana mgeni huja na risasi zilizokwisha kujazwa, na baadhi ya mashirika hukataa hata hizo kwa kudai pakiti halisi ya kiwandani.

Afrika Kusini ni nchi ya kutazamwa. Huko kujaza kwa mkono ni jambo la kawaida, na baruti ya wajazaji hutengenezwa nchini humo kwa jina la Somchem. Sheria yao ya silaha, Namba 60 ya mwaka 2000, inamruhusu mwenye leseni ya bunduki kujijazia, na imeweka kikomo cha fataki 2,400 kwa mmiliki wa kawaida. Kwa mtu wa Pretoria, kopo la baruti ni kitu cha dukani. Likipakiwa kwenye lori la spea linalopanda kupitia Zambia hadi Tunduma, limebadilika jina.

Jina hilo jipya liko kwenye vitabu vya forodha. Baruti za kufyatulia zina kifungu chake, 3601. Fataki ziko 3603. Risasi ziko 9306, na kifungu hicho hutaja pia sehemu zake. Ganda tupu ni sehemu ya risasi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Pili, imeweka silaha na risasi za Sura ya 93 kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti, orodha ileile yenye meno ya tembo na mitego ya kunasia wanyama.

Itifaki ya silaha ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 inakwenda njia hiyohiyo. Tafsiri yake ya risasi inajumuisha ganda, fataki, baruti na kichwa, pale ambapo nchi husika inavitolea vibali. Itifaki ya Nairobi, iliyosainiwa Aprili 21, 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ndiyo inayozifunga serikali zetu kushirikiana katika hilo.

Ukali huu si wa jana. Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa, baruti na risasi katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ukaacha mlango wa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Misafara iliyotoka Pwani kwenda Unyanyembe ilikuwa ikibeba baruti kama ilivyobeba shanga na nguo. Magobore yaliyobaki vijijini ni masalia ya mlango ule: baruti hupitishwa mdomoni mwa mtutu, hupimwa kwa kifuniko au kiganja, na mwenye nayo hujua itafika wapi kwa mazoea. Kwa hiyo kujaza kwa mkono hakukuletwa na watalii. Walicholeta wao ni mizani.

Kwa mfanyabiashara mdogo hatari kubwa iko kwenye gunia la chakavu. Shaba nyeupe ina bei kuliko chuma, na ganda la risasi ni shaba nyeupe safi. Mjazaji mwenyewe huokota maganda yake yote, maana nyumbani yanamngoja kujazwa tena, na anapoondoka anatakiwa kueleza alizotumia na zilizobaki. Lakini yapo maganda ya viwanja vya shabaha, ya mapigano ya miaka ya nyuma, ya walioacha porini. Yakichanganyika na mabomba na koki za maji, hayasemi yalitoka wapi.

Hapo cheti rahisi cha uasilia cha mzigo usiozidi dola 2,000, kinachowasaidia wengi Busia na Mutukula, hakisaidii kitu. Kinaondoa ushuru kwa bidhaa za kanda. Hakiondoi sharti la kibali. Kifungu cha 200 cha sheria ya forodha kinataja kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili, na mzigo unaweza kutaifishwa pamoja na gari lililoubeba. Utetezi wa "niliununua hivyo hivyo kwa kilo" hutolewa mahakamani, baada ya gari kwisha kukaa uani miezi.

Wanunuzi wazoefu wa chakavu humwaga gunia chini kabla ya kulipa. Ganda la risasi halifichiki ukilitazama kitako: katikati pana duara la fataki, lenye kidoa kilichobonyea kama limekwisha kufyatuliwa, na pembeni pamechongwa namba au herufi za kiwanda. Ambalo duara lake halijabonyea, na kichwa bado kipo mdomoni, ni risasi nzima. Hiyo haiguswi kwa nyundo, haitupwi kwenye moto wa kuyeyushia, wala haibebwi mfukoni hadi ofisini. Huachwa palepale na polisi huitwa waje kuichukua, na muuzaji wa gunia hutakiwa asiondoke.